Sindano za Nyuma ya Pazia

Jirani zangu, habari hii nimeruhusiwa kuisimulia. Wenyewe wamenipa ruhusa, tena mume ndiye aliyesisitiza. Basi asije mtu akasema kinyozi ana mdomo. Mdomo ninao, lakini safari hii nimetumwa.

Kibanda changu cha kunyolea kimepakana na duka la ushonaji la mke na mume ambao mtaa mzima unawajua kwa majina ya utani. Mke tunamwita Mama Pindo, kwa sababu nguo haitoki mikononi mwake pindo likiwa limekwenda upande. Ataifumua mbele yako, hata kama umekuja kuichukua kwa ajili ya harusi na gari linapiga honi nje. Mume tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani. Ni mfupi, hatulii, na kazi yake ni kutengeneza cherehani, za mkewe na za watu wengine. Mimi na Bobini ni marafiki wa siku nyingi, kwa hiyo mkewe namwita shemeji.

Mngeliona duka lile Jumamosi alasiri mngelipenda. Kazi za wiki zimekwisha, binti yao amebeba mafurushi kwenda kuwapelekea wateja, redio inaimba polepole. Mama Pindo anafagia nyuzi na vipande vya vitambaa. Bobini anapita cherehani moja baada ya nyingine na kikopo chake cha mafuta, tone hapa, tone pale, huku akizungusha gurudumu kwa kiganja na kutega sikio.

"Chombo usingoje kilie," husema. "Kikilia, umeshachelewa."

Kwa cherehani maneno hayo ni kweli tupu. Hata mashine yangu ya kunyolea imeishi miaka mingi kwa kanuni hiyo ya Bobini. Balaa lilianza alipoitoa kanuni hiyo kwenye vyuma akaipeleka kwenye mwili wa mkewe.

Ilikuwa hivi. Mama Pindo alianza kuumwa kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba. Mkasi wake wa kukatia ni ule mkubwa wa chuma, mzito, na yeye hukata vitambaa vingi vikiwa vimepangwa kwa tabaka. Maumivu yakazidi hadi akashindwa kufungua mfuniko wa chupa ya maji. Alijikaza, kama wanavyojikaza wanawake wenye kazi, mpaka binti yake akamshika mkono, huo mzima, akampeleka hospitali.

Alirudi akiwa anacheka. Alikuja moja kwa moja kwangu kupunguza nywele, maana hupenda kuzikata fupi, akanihadithia.

"Kinyozi, yule daktari ana maswali kuliko polisi! Una kisukari? Una presha? Vidonda vya tumbo? Umewahi kuugua kifua kikuu? Una kidonda au jipu popote? Una mimba? Nikamwambia, mimba, daktari? Mimi nina mjukuu!"

"Akasemaje?"

"Akasema swali ni lazima. Kisha wakanipima sukari, ndipo akanichoma sindano hapa, kwenye kifundo. Anasema ni dawa ya jamii ya steroidi, inatuliza uvimbe uliobana kano, ule mshipa unaovuta kidole gumba. Kanipa na kibao cha kufunga mkono niupumzishe."

Alinieleza na masharti. Kwamba mkono unaweza kuuma zaidi siku ya kwanza kabla ya kutulia. Kwamba ngozi pale inaweza kufifia rangi. Kwamba akiona pamekuwa pekundu, pa moto, au akipata homa, arudi mara moja. Na kwamba sindano ile hairudiwi ovyo. Ikibidi kurudiwa, hupita miezi kwanza, na daktari ndiye anayeamua baada ya kumpima tena.

Dawa ilifanya kazi yake. Baada ya siku chache maumivu yalikwisha, shemeji akawa anaimba pamoja na redio. Nataka mlishike hili tangu sasa, maana kuna watu wakisikia mwisho wa kisa watasema dawa ni sumu. Dawa ile, ilivyotolewa hospitali, ilikuwa sahihi na ilimsaidia.

Lakini kibao cha mkono alikivaa siku mbili tu akakitundika msumarini. Wateja wanamngoja, atapumzikaje? Akaurudia mkasi. Na maumivu nayo yakarudi, kama ilivyotarajiwa.

Sasa hapa ndipo Bobini alipokaa akafikiri kama fundi. Mkono ulikuwa unakwaruza, ukatiwa kitu, ukalainika. Kitu kimekwisha, unakwaruza tena. Kwa hiyo unahitaji kutiwa tena, na safari hii kwa utaratibu, kabla haujalia. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba hakuona hata tundu moja kwenye hoja hiyo. Ilikuwa imenyooka kama pindo la mkewe. Wala hakumwambia mtu. Alimtafuta bwana mmoja.

Bwana huyo tulikuwa tukimwita Daktari Mkoba. Udaktari wenyewe alijipa, ila mkoba ulikuwa wa kweli, mweusi, wenye zipu mbili. Aliwahi kuuza kwenye duka la dawa, akaondoka na ujuzi wa kushika sindano tu, basi. Alipita mitaani akichoma watu wa viungo, mgongo, pumu, hata wasiotaka kitu ila nguvu. Hakumuuliza mtu swali. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake: "Huyu hana usumbufu."

Kila Jumamosi, binti akishaondoka na mafurushi, Bobini akiwa katikati ya cherehani zake, Daktari Mkoba aliingia dukani na suruali mkononi kana kwamba ameleta kazi. Mimi nilimwona mara nyingi, nikadhani bwana huyu ana suruali nyingi zisizomtosha. Kumbe nyuma ya pazia la kujipimia nguo ndiko shemeji alikochomwa, mara kwenye kifundo, mara kwenye nyonga. "Ni ileile ya hospitali," aliwaambia. Na kwa bahati mbaya alisema kweli.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Mama Pindo alipata nguvu za ajabu. Alikula sana, akalala kidogo, akashona zaidi ya kawaida. Uso ukamjaa, mashavu yakawa ya mviringo. Wateja wakamsifu hadi basi.

"Mama Pindo, umenawiri! Mumeo anakulisha nini?"

Naye Bobini, mfupi wa watu, akatembea siku hizo kana kwamba ameongezeka urefu. Hakuna mwanaume asiyependa kuambiwa mkewe amenawiri. Hata ningekuwa mimi ningevimba kichwa.

Binti yao ndiye aliyeanza kukunja uso. Kazi yake ni vipimo, na utepe wa kupimia hausemi uongo kwa heshima. Mama yake alimwomba amwachie gauni nafasi kiunoni, akamwachia. Muda haukupita, akaomba tena. Lakini mikono ya gauni lilelile ilikuwa inapwaya.

"Mama, mbona kiuno kinaongezeka na mikono inapungua? Mtu akinenepa hunenepa kote."

"Nimekuwa kama birika," mama alimjibu, akacheka. "Wewe pima, mwanangu, usiniulize."

Mimi nami niliona yangu. Kinyozi kazi yake ni shingo za watu. Nyuma ya shingo ya shemeji, pale chini ya nywele, palikuwa pameota donge la nyama laini. Kitambaa nilichomfunga kisibane kilimwachia alama ya damu kuvilia. Na kwenye kifundo chake ngozi ilikuwa imepauka, nyembamba kama karatasi ya kufungia sabuni.

Nikamwambia, "Shemeji, rudi hospitali wakutazame. Mwili huu una neno."

"Una neno gani zaidi ya shibe? Kinyozi, wewe punguza nywele, usinipunguze raha."

Nikaendelea kunyoa. Ungefanyaje? Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limesikia dawa nyingi kupita kiasi, ila mimi sikujua.

Usiku alikuwa hapati usingizi, na alikunywa maji hadi binti akaongeza ndoo ya pili dukani. Kwa kila dalili walikuwa na jibu lake. Kiu ni joto. Kukosa usingizi ni mawazo ya kazi. Alama za damu kuvilia ni pini. Hakuna aliyeziweka dalili hizo pamoja, kwa sababu waliojua kuhusu sindano hawakujua maana ya dalili, na waliozishangaa dalili hawakujua kuhusu sindano. Ubaya wa siri ndio huo.

Kisha ukaja msimu wa sare za shule. Katika msimu huo Daktari Mkoba alitoweka. Wakaguzi wa afya walikuwa wanauliza habari zake mitaa ya pili, naye akaona heri nusu shari, akahama na mkoba wake bila kuaga. Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja.

Wakati huohuo sindano ya cherehani ilimpitia Mama Pindo kidole cha shahada. Kwa mshonaji hilo ni jambo la kawaida, kama mimi kujikata na wembe. Alikinyonya kidole, akafunga kitambaa, akaendelea. Kidole kikavimba hadi kiganja. Cha ajabu hakikumuuma sana wala hakupata homa ya maana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini yeye mwenyewe alianza kunywea. Asubuhi alishindwa kusimama bila kushika meza. Chakula hakikukaa tumboni. Nguvu zile zote zikamwisha kama mtu aliyezimwa.

Adhuhuri moja nilisikia binti anapiga kelele. Nilimwacha mteja na povu kichwani nikakimbia. Mama Pindo alikuwa amelala juu ya marundo ya sare, macho yamefunguka nusu, jasho la baridi linamtoka. Bobini amepiga magoti, anampepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia, anamwita, "Mama, mama, niangalie mimi." Tulimbeba hadi barabarani, tukapata gari la mwenye duka la vyuma, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa yuleyule, mama mmoja mtulivu mwenye sauti ya chini. Alimtambua mgonjwa wake, lakini nilimwona anavyoutazama ule uso wa mviringo na kuvuta pumzi. Wauguzi wakamtundikia maji. Mpigo wa damu, yaani presha, ulikuwa chini sana. Maji yaliingia na mpigo ukagoma kupanda.

"Anatumia dawa gani?" daktari aliuliza.

"Hatumii dawa yoyote," binti alijibu. "Alichomwa ile sindano yako tu, basi."

"Hiyo ni ya zamani. Baada ya hapo?"

"Hakuna, daktari."

Daktari alimgeukia Bobini. "Baba, na wewe nikuulize. Hata ya mtaani, hata ya kienyeji. Anatumia nini?"

Bobini alikuwa ametazama sakafu. Mikono yake ambayo haitulii ilikuwa imetulia, na hilo lilinitisha kuliko mashine zote za chumba kile. Nilijua ana kitu. Aliniambia baadaye kilichokuwa kinapita kichwani: kwamba akisema, binti yake atajua kuwa ni yeye aliyemleta yule mtu. Majirani watajua. Mkewe akifa, watasema Bobini kamuua. Na asiposema, huenda akapona tu, mambo yakaisha kimyakimya.

Nikamshika bega. "Ndugu yangu, kama kuna neno, hapa ndipo mahali pake."

Binti akamtazama. "Baba?"

"Ni mimi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto. "Ni mimi niliyemleta. Anachomwa kila Jumamosi. Ile ya viungo. Tangu kabla ya mvua. Sasa yule mtu amehama, hajachomwa wiki mbili. Nilidhani namsaidia. Nilidhani ni kama… viungo vinataka kulainishwa."

Binti alifunika uso kwa mikono. Daktari hakumgombeza mtu. Alimgeukia muuguzi, akataja dawa kwa haraka, kisha akatuambia, "Tunamchoma steroidi ya mshipani sasa hivi. Na dawa ya kuua vijidudu kwa ajili ya huo mkono."

Hapo Bobini aliruka, akajitupa kati ya muuguzi na kitanda, mikono ameitandaza.

"Hiyohiyo? Mnamchoma hiyohiyo iliyomfikisha hapa? Hapana! Mimi nimekosa mara moja, sikosi mara ya pili. Hachomwi mtu!"

Nisikilizeni jirani zangu. Mwanaume yule alikuwa amebeba ukweli kwa taabu kubwa, ameutua, na sasa alikuwa tayari kumuua mkewe kwa kumlinda. Muuguzi alisimama na sindano yake hewani.

Daktari alimsogelea, akasema taratibu, lakini haraka.

"Baba, nisikilize. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo. Kila siku zinatengeneza kitu cha jamii ya dawa hii, kidogo, kwa kiasi chake. Bila hicho mpigo wa damu haushikiki, na mtu akiugua ndipo anakihitaji zaidi. Mkeo amekuwa akipewa kutoka nje, kingi, kila wiki. Zile tezi zikaona hazina kazi, zikalala. Sasa yule mtu amehama, maradhi yameingia mkononi, mwili unaomba na hakuna wa kuupa. Kilichomdhuru ni kuzidishiwa bila kipimo, na kinachomuua sasa ni kukosa ghafla. Nikimnyima, hatafika jioni. Nipishe."

Bobini alitazama sindano, akamtazama mkewe. Midomo ya shemeji ilikuwa imepoteza rangi kabisa. Akashusha mikono, akasogea pembeni, akaegemea ukuta, akalia bila kujificha.

Muuguzi alimchoma. Tulikaa pale tukitazama mpigo wa damu kwenye mashine. Haukupanda kwa mara moja kama kwenye hadithi za uongo. Ulipanda polepole, ukarudi, ukapanda tena. Kabla jua halijazama Mama Pindo aligeuza shingo, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Sare za watu nani anamalizia?"

Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje nikapangusa macho, maana mimi pia ni binadamu.

Alilazwa kwa muda mrefu. Mkono ulipasuliwa, usaha ukatolewa, ukiwa mwingi kuliko yeyote alivyodhani. Daktari alieleza kwamba dawa ile inapokuwa nyingi mwilini huficha maumivu na homa, hivyo maradhi huendelea kula chini kwa chini huku mtu anajiona mzima. Sukari nayo ilikuwa imepanda, ndiyo ile kiu. Alitoka hospitali na vidonge vya steroidi, na amri kwamba asiviache mwenyewe hata akijisikia mzima. Vinapunguzwa kidogokidogo, kwa vipimo, hadi tezi zake ziamke. Anatembea na kadi inayowaambia wahudumu kuwa mwili wake unategemea steroidi, endapo ataanguka mahali.

Uso umerudi ulivyokuwa. Watu wengine wanamwambia amekonda, pole sana, naye anawajibu, "Nipeni hongera, si pole."

Lakini kidole gumba hakikurudi. Kano lake, kwa kuchomwachomwa mahali pamoja, lililegea likakatika lenyewe siku moja alipokuwa anainua kikombe cha chai. Walilishona, ila nguvu haikurudi yote. Ule mkasi mkubwa hauwezi tena. Binti ndiye anayekata sasa, mama anasimama pembeni anaelekeza, na mapindo bado anayakagua mwenyewe. Mara moja nilimwona ameushika ule mkasi, anajaribu kuufungua wakati anadhani hakuna anayemwona. Nilirudi kibandani kwangu. Iliniuma sana.

FUNZO

Jirani zangu, sikusimulia haya ili muogope sindano ya steroidi. Kuna watu kwenye mtaa huu wanaopumua kwa sababu ya dawa hizi, kuna wenye viungo vilivyovimba wanaotembea kwa sababu yake, na mwanamke huyu alirudishwa kutoka mlangoni mwa kaburi kwa dawa ya ukoo huohuo. Ogopeni kuichoma bila kupimwa, na kuirudia kwa sababu tu ya kwanza ilikuwa tamu. Anayekuchoma bila kukuuliza swali hajakuondolea usumbufu, amekuondolea ulinzi. Yale maswali yaliyomchekesha shemeji kila moja lina mtu aliyewahi kudhurika kwa kutoulizwa.

Ukiona umejaa uso ghafla, kiuno kinatanuka na mikono inanyauka, ngozi inavilia damu kwa kuguswa tu, kiu haikatiki, usingizi umekimbia, usikubali kuambiwa umenawiri. Nenda ukatazamwe. Na kama umekuwa ukitumia dawa hizi kwa muda, hata kwa kujificha, usiziache ghafla kwa hofu ya habari yangu hii. Nenda, sema, wakupunguzie wenyewe kwa utaratibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bobini huja kukaa kibandani kwangu siku hizi, na mteja akianza kusifu sindano fulani ya mtaani, yeye ndiye anayesimulia, tena bila kujipunguzia kosa. Juzi kijana mmoja alimuuliza kama haoni haya kujianika hivyo mbele za watu.

"Haya niliyaona pale hospitali," Bobini alisema, "daktari alipouliza mara ya kwanza nikamwachia binti yangu ajibu. Aliponigeukia mimi na kuuliza tena, mke wangu alikuwa bado hai. Sijui kama ningepata nafasi nyingine ya kuulizwa."